Ugonjwa Uliosemekana Haumpati Mwafrika

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimkabidhi John Colin Carothers hospitali ya Mathari, Nairobi. Carothers alikuwa daktari wa kawaida wa serikali. Alikuwa nchini tangu 1929, amehamishwa kituo hadi kituo, na magonjwa ya akili hakuwa ameyasomea. Kazi aliijulia papo hapo wodini. Miaka 15 baadaye Shirika la Afya Duniani, WHO, likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi, na tabibu huyo akageuka bingwa wa kunukuliwa Geneva, London na New York. Miongoni mwa hukumu zilizosambaa kwa jina lake ni hii: sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito inayomkatia mtu usingizi, hamu ya chakula na hata hamu ya kuishi, ni nadra sana kwa Waafrika.

Hukumu hiyo ilidumu miongo. Ilifundishwa vyuoni, ikawapa watawala kisingizio cha kutojenga huduma, na ilipokuja kuanguka haikuangushwa na dawa mpya wala mashine. Iliangushwa na watafiti waliotoka nje ya geti la hospitali wakaenda kuuliza kwingine.

Geti lenyewe lina historia yake. Mathari ilifunguliwa 1910 katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui, ikaitwa hospitali ya wendawazimu ya Nairobi. Jina la Mathari ilipewa 1924. Wagonjwa walipangwa kwa rangi: Wazungu upande wao, Wahindi upande wao, Waafrika upande wao, na tofauti ya vitanda, chakula na nafasi ilionekana kwa macho. Mwafrika hakufika pale kwa miguu yake kuomba ushauri. Alifikishwa na polisi au kwa amri ya ofisa wa serikali baada ya kuvunja vitu sokoni, kumpiga mtu, kutembea uchi barabarani au kuwasumbua walinzi wa gereza.

Hali haikuwa tofauti sana kwa majirani. Huko Usambara, wamisionari wa Kijerumani wa Bethel waliigeuza Lutindi kuwa makazi ya wagonjwa wa akili mwaka 1904. Kabla ya hapo palikuwa pakilelewa watoto waliokombolewa utumwani. Waingereza walipoichukua Tanganyika walijenga hospitali ya Mirembe, Dodoma, ikafunguliwa 1927. Nchini Uganda wagonjwa walipitia gerezani Hoima, kisha Mulago, hadi Butabika ilipofunguliwa 1955. Kote huko kazi ya kwanza ya jengo ilikuwa kuwaweka mbali wale ambao mji uliwaogopa.

Sasa mtu mwenye sonona hafanyi fujo. Mama aliyeacha kwenda shamba, anayelala akiwa ameuelekea ukuta na kujibu salamu kwa shida, hakuna askari atakayemkamata. Atabaki nyumbani. Jamaa watasema amerogwa, au ana mawazo, au moyo umemchoka. Kwa hiyo daktari aliyehesabu sonona kwa daftari la Mathari alikuwa kama mvuvi anayehukumu samaki wote wa bahari kwa wale walionasa kwenye wavu wake.

Carothers aliliandikia daftari hilo makala ndefu iliyotoka 1947, akiwatazama wagonjwa Waafrika waliolazwa kati ya 1939 na 1943. Sonona alizoziona zilikuwa chache mno. Badala ya kuuliza ni nani asiyefika Mathari, alitafuta sababu ndani ya Mwafrika mwenyewe. Mwafrika, kwa maelezo yake, haishi kama mtu mmoja mmoja. Ukoo na mila humwamulia kila jambo, hivyo habebi lawama moyoni, na asiyebeba lawama hawezi kuelemewa na huzuni ya kujilaumu. Mwaka 1951 alikwenda mbali zaidi: akalinganisha mwenendo wa Mwafrika na ule wa Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ilimwita tena, safari hii aeleze saikolojia ya uasi wa Mau Mau, na ripoti yake ikasaidia kuufanya mgogoro wa ardhi na utawala uonekane ni tatizo la vichwa vya Wakikuyu.

Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa magonjwa ya akili Blida, Algeria, aliishambulia nadharia hiyo katika kitabu chake cha 1961. Lakini Fanon alisomwa na wanasiasa kuliko matabibu. Ndani ya tiba yenyewe, jibu lilikuja taratibu, na lilianzia Afrika Magharibi.

Margaret Field alikuwa mtaalamu wa mila aliyerudi darasani kusomea udaktari. Katikati ya miaka ya 1950 alikwenda nchi ya Waashanti, Ghana ya leo, na hakujifungia hospitalini. Alikaa kwenye mahekalu ya mizimu, mahali ambapo watu wa vijijini walipeleka shida zao, akasikiliza na kuandika. Pale aliwakuta wanawake waliokuja kwa hiari yao kukiri kwamba wao ni wachawi, kwamba ndio waliowaua watoto wa ndugu zao, kwamba hawafai kitu. Hawalali, hawali, wanatamani kufa. Wengi walikuwa watu wazima waliohangaika na waume zao miaka na miaka hadi shamba la kakao likasimama, kisha pesa ilipoanza kuingia mume akaoa msichana. Mke mkubwa akabaki peke yake katika nyumba aliyoijenga. Kujilaumu ambako Carothers alisema Mwafrika hanako, Field alikusikia kila wiki. Kulikuwa kumevaa lugha ya uchawi tu. Kitabu chake cha 1960 kiliitaja sonona kuwa ugonjwa wa akili unaowapata zaidi wanawake wa vijiji vile.

Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo alirudi kutoka masomoni Uingereza na mwaka 1954 akaanza kazi katika hospitali ya Aro, Abeokuta. Majengo hayakuwa yamekamilika. Lambo akazungumza na wakazi wa vijiji vya jirani wawapangishe wagonjwa vyumba. Sharti likawa moja: mgonjwa aje na ndugu yake angalau mmoja, wa kumpikia, kumfulia na kumsindikiza hospitali asubuhi kwa matibabu. Jioni mgonjwa alirudi kijijini, akakaa barazani na watu wasio wagonjwa, akasikia habari za mazao na mazishi. Wauguzi walipita nyumba kwa nyumba. Kijiji kilipata kodi na ajira, mgonjwa alibaki ndani ya maisha ya kawaida, na gharama ilikuwa ndogo kuliko ya kulaza.

Mfumo huo ulimfanya Lambo ajulikane dunia nzima, na ndio uliomleta mtafiti Alexander Leighton wa chuo kikuu cha Cornell. Mwaka 1961 timu yao ya pamoja ilizunguka vijiji vya Wayoruba na mji wa Abeokuta ikiwahoji watu wa kawaida, si waliolazwa. Ripoti yao ya 1963 ilionyesha kwamba dalili za sonona zimejaa tele vijijini.

Mkanada Raymond Prince, aliyewahi kufanya kazi Aro, aliuliza swali la kuudhi mwaka 1967. Alipopanga maandishi ya kitabibu kuhusu Afrika kwa miaka, aliona kwamba hadi karibu na 1957 waandishi wengi walisema sonona ni adimu, na baada ya hapo wengi wakasema ni ya kawaida. Mwaka 1957 ndipo Ghana ilipopata uhuru. Je, ugonjwa umebadilika ghafla, au ni diplomasia tu, kwamba madaktari hawawezi tena kuwasemea watu huru kama walivyowasemea watu wa koloni? Mbele ya swali hilo, hakuna aliyeweza tena kudai kwamba takwimu za zamani zilikuwa sayansi safi.

Afrika Mashariki ilitoa ushahidi wake kutoka Uganda. John Orley, Mwingereza aliyesomea tiba pamoja na mila za watu, alikaa na Waganda miaka ya 1960 na kujifunza wanavyoyaeleza maradhi ya akili. Kisha akiwa na John Wing wa London alitumia dodoso lile lile lililotumika hospitalini Uingereza, likatafsiriwa kwa Kiganda, wakalipeleka katika vijiji viwili. Majibu waliyalinganisha na ya wanawake wa Camberwell, kitongoji cha London. Matokeo yalichapishwa 1979: sonona ilikuwa nyingi zaidi katika vijiji vya Uganda kuliko Camberwell. Tofauti ilikuwa kubwa, na ilikwenda kinyume kabisa na kitabu cha Carothers cha 1953.

Mwaka huo huo Kenya, David Ndetei na John Muhangi walichapisha utafiti wa kliniki ya kijijini. Watu waliofika kutibiwa maradhi ya kawaida walipoulizwa vizuri, takribani mmoja kati ya watano alikuwa na tatizo la akili. Wala hawakuwa wamekuja kulalamikia akili. Walilalamikia kichwa, mgongo, tumbo, mapigo ya moyo, miguu kuwaka moto. Waliondoka na vidonge vya maumivu na wiki ya pili wakarudi. Kila muuguzi wa zahanati Afrika Mashariki anawajua wagonjwa wa aina hii kwa sura. Kilichokosekana ni swali la pili baada ya kusikia kuhusu kichwa.

Kufikia miaka ya 1980, basi, ubishi kuhusu kuwapo kwa ugonjwa ulikuwa umekwisha. Uliobaki ulikuwa mgumu zaidi: atautibu nani? Madaktari wa magonjwa ya akili walihesabika kwa vidole katika nchi nzima, na dawa za sonona zilikuwa ghali. Jibu la kwanza lenye vipimo lilitoka mahali ambapo msiba ulikuwa umepiga hodi kila mlango.

Rakai, kusini mwa Uganda, ndiko ugonjwa wa kukonda ulikoonekana mapema, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla haujajulikana kuwa ni UKIMWI. Miaka 20 baadaye wilaya hiyo na jirani yake Masaka zilikuwa na bibi wanaolea wajukuu yatima, wajane, na wanaume waliozika ndugu wote. Paul Bolton wa chuo kikuu cha Johns Hopkins alikuwa ametoka Rwanda, ambako baada ya mauaji ya kimbari alianza kwa kuwauliza wananchi wenyewe wataje matatizo yao kwa maneno yao, kabla ya kufungua dodoso lolote. Rakai na Masaka timu yake ilifanya vivyo hivyo. Watu walitaja hali mbili walizozitambua waziwazi: ile ya mtu anayejihurumia na kujiona bure, na ile ya mtu aliyejichukia na kuyachukia maisha. Zikilinganishwa na vigezo vya hospitali, zilikaribiana sana na sonona. Kati ya waliohojiwa, takribani mmoja kwa kila watano alikuwa nayo.

Mwaka 2002 jaribio likaanza katika vijiji 30. Vijiji 15 vilichaguliwa kwa bahati nasibu vipate tiba ya makundi. Vingine 15 vikaendelea na maisha kama kawaida ili vilinganishwe. Tiba yenyewe ilikuwa ya mazungumzo, iliyobuniwa Marekani na Gerald Klerman na Myrna Weissman, inayofuatilia uhusiano wa mgonjwa na watu wake: nani amekufa, nani wamegombana, maisha yamegeuka wapi. Waliokwenda kuiendesha hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji wanaosema lugha ya pale, waliopewa mafunzo ya wiki mbili. Wanawake waliongozwa na mwanamke, wanaume na mwanamume.

Kundi lilikutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16. Kila mkutano ulifunguliwa kwa namna moja: kila mmoja alieleza wiki yake ilikuwaje, huzuni imepanda au imeshuka, kisha kiongozi akamsaidia kutafuta ni jambo gani lilitokea siku ile ilipopanda. Mjane anaposema alilia Jumanne, kundi linataka kujua Jumanne palikuwa na nini. Labda shemeji alikuja kudai shamba. Basi mazungumzo yanahamia kwa shemeji: nani anaweza kusema naye, mzee gani anamheshimu, mwenzetu fulani alifanya nini alipofikwa na hayo. Wiki inayofuata anaulizwa, imekuwaje?

Matokeo yalitoka 2003 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Kabla ya tiba, asilimia 86 ya walio katika makundi walikuwa na vigezo vya sonona kamili. Baada ya tiba walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji vya kulinganishia asilimia ilishuka pia, kutoka 94 hadi 54.7. Miezi sita baadaye nafuu ilikuwa bado ipo, na baadhi ya makundi yalikuwa yakiendelea kukutana yenyewe bila kuitwa na mtu.

Ila ndani ya jaribio hilo lililofana kulikuwa na kivuli cha Carothers. Tiba ya Klerman na Weissman ilikuwa na maeneo manne: msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha, na la nne, mtu aliyetengwa au asiye na wa kuwa karibu naye. Uganda yalitumika matatu. La nne liliachwa kwa kuonekana halina nafasi katika maisha ya kijiji, ambako watu huishi pamoja. Ni dhana inayosemwa kwa heshima, tena hata na Waafrika wenyewe: sisi hatuna upweke, upweke ni wa Wazungu na nyumba zao za wazee. Lakini mke mkubwa wa Kiashanti aliishi kijijini. Mjane aliyebebeshwa lawama ya kifo cha mumewe amezungukwa na watu, na hakuna anayekunywa maji katika kikombe chake. Kuwa na watu wengi uani ni jambo moja, na kuwa na wa kumweleza ni jambo jingine.

Harare ilionyesha hilo bila kukusudia. Mwaka 2005 serikali ya Zimbabwe ilibomoa makazi na vibanda vya mijini. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu 700,000 walipoteza nyumba, riziki au vyote viwili. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alitakiwa aanzishe huduma Mbare, mtaa wa watu wa kipato cha chini. Vyumba vya kliniki vilijaa, wauguzi walikuwa na kazi zao, na alichopewa ni wahudumu wa jamii 14, wote bibi. Wakakaa nje, kwenye benchi, mwaka 2006. Chibanda alitaka benchi liitwe la afya ya akili. Bibi wakamwambia hakuna atakayekalia kitu chenye jina hilo, likaitwa benchi la urafiki.

Mgonjwa huulizwa maswali 14 yaliyotungwa kwa Kishona. Moja linahusu kuwaza kupita kiasi, malalamiko ambayo Wazimbabwe huyataja kabla ya huzuni. Kisha bibi humsikiliza, humtaka achague shida moja kati ya nyingi, na pamoja hupanga hatua ya kwanza inayowezekana wiki hiyo. Vikao ni sita. Baada ya hapo mgonjwa hualikwa kwenye duara la wenzake waliopita benchini, ambako hukaa wakifuma mikoba kwa plastiki iliyotupwa huku wakizungumza. Mkoba huuzwa, na aliyeingia akiwa hana mtu hutoka akiwa na wenzake wa kila wiki.

Jaribio lao liliwashirikisha wagonjwa 573 katika kliniki 24, likachapishwa Desemba 2016. Baada ya miezi sita, walioketi na bibi wenye dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7, waliopewa huduma ya kawaida iliyoboreshwa walikuwa asilimia 49.9. Benchi hilo limekwisha kuvuka mipaka hadi Malawi, Zanzibar na New York.

Isidhaniwe kwamba kila kundi lililokaa pamoja limepona. Dar es Salaam, Sylvia Kaaya na wenzake wa Muhimbili walikuwa wamekwisha kulipima dodoso la sonona la Kiswahili kwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI, kisha wakajaribu ushauri wa makundi kwa wanawake wa hali hiyo. Matokeo yao, ya 2013, hayakung'aa: waliopitia makundi asilimia 60 bado walikuwa na sonona, dhidi ya 73 ya wasiopitia, tofauti ndogo ambayo kitakwimu haikutosha kuondoa shaka. Mwanamke aliyegundua maambukizi yake akiwa na mimba, anayemficha mume ambaye anamtegemea kwa chakula, ana mzigo ambao vikao vichache haviwezi kuutua. Matokeo ya namna hii yana thamani yake, kwa sababu yanazuia benchi na duara kugeuzwa hirizi ya kutibu umaskini.

Mwaka 2016 WHO ilitoa mwongozo wa tiba ya makundi kwa ajili ya dunia nzima, uliojengwa juu ya kazi ya Uganda. Maeneo yalirudi kuwa manne, na upweke ukawekwa bayana kuwa mojawapo. Novemba 2023 shirika hilo hilo liliunda tume ya kimataifa kuhusu mahusiano ya watu, mwenyekiti mwenza akiwa Mwafrika, Chido Mpemba wa Umoja wa Afrika. Ripoti yake ya 2025 inakadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba hali hiyo ni kubwa zaidi katika nchi maskini kuliko tajiri. Kwa hiyo shirika lililochapisha kitabu cha Carothers limefika, baada ya miaka 70 na ushei, kwenye hitimisho lililo kinyume chake.

Fedha ndizo hazijafika. Kikosi kazi cha Kenya kilichoongozwa na Frank Njenga kilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya taifa, lakini mhudumu wa jamii anayekaa na mgonjwa bado, mara nyingi, ni wa kujitolea. Dodoso lipo kwa Kiswahili, mafunzo ni ya wiki chache, benchi linachongwa na fundi yeyote wa mtaani. Halmashauri na kaunti zinapoketi kupanga bajeti ya zahanati, ziweke posho ya mtu wa kuuliza lile swali la pili.